Uzi maalumu: Picha za ubongo kwenye utafiti wa maambukizi. Protokoli, vipimo, na yanayoharibu matokeo

#1 Mzingo

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaoandaa au kusimamia tafiti za picha za ubongo kwa wagonjwa wa maambukizi: majipu ya ubongo, kifua kikuu, tegu wa nguruwe, toksoplasma (kimelea), ensefalitisi (uvimbe wa ubongo) ya virusi, malaria kali. Wa kifafa na magonjwa ya kusahau karibuni pia, mengi yanaingiliana.

Hoja yangu ni moja. Tafiti hizi haziangushwi sana na mashine dhaifu. Zinaangushwa na picha zilizopigwa kwa vigezo tofauti, au zilizopigwa ugonjwa ukiwa katika hatua tofauti bila mtu kuiandika hatua hiyo. Baadaye unapata namba nzuri kwenye kompyuta, lakini huwezi tena kujua kama umepima ugonjwa au umepima siku ya nne ya dawa dhidi ya siku ya kumi na mbili.

Seti ya chini ninayoipendekeza kwa mashine ya MRI ya Tesla 1.5 au 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), kwa mpangilio wa kupiga: T1 (picha ya umbo la ubongo) ya 3D yenye vokseli (vijiboksi vya picha) za mm 1 kila upande, DWI (picha ya mtembeo wa maji kwenye tishu) yenye b (nguvu ya kupima mtembeo huo) ya 0 na 1,000 pamoja na ramani ya ADC (kipimo cha uhuru wa maji kutembea), SWI (inayoonyesha damu na chokaa), T2 (inayong'arisha majimaji), FLAIR (kama T2 ila maji ya ubongo yamezimwa), kisha kontrasti ya gadoliniamu (dawa ya sindano inayong'arisha vidonda), na T1 ya 3D tena yenye vigezo vilevile bila kubadilisha hata kimoja. DWI iwe mapema. Inachukua dakika chache, na mgonjwa wa homa anatulia mwanzoni kuliko dakika ya thelathini. SWI na spektroskopia (kipimo cha kemikali zilizomo kwenye kidonda) zipigwe kabla ya kontrasti.

Dozi ya kawaida ya kontrasti ni milimoli 0.1 kwa kila kilo. Hapa kuna mtego. Chupa nyingi zina milimoli 0.5 kwa mililita, yaani mililita 0.2 kwa kilo. Gadobutrol ina milimoli 1.0 kwa mililita, yaani mililita 0.1 kwa kilo. Mtoto wa kilo 20 anahitaji mililita 4 za aina ya kwanza, au mililita 2 za aina ya pili. Kituo kikibadilisha aina ya dawa katikati ya utafiti na karatasi ya dozi ikabaki ileile, nusu ya washiriki watakuwa wamepewa dozi maradufu, na vidonda vyao vitang'aa kuliko vya wenzao bila sababu ya kiugonjwa.

Muda wa kusubiri baada ya sindano nao uwe mmoja kwa wote. Dakika 5 zinatosha. Ukingo wa kidonda unaendelea kunyonya dawa kadiri dakika zinavyopita, kwa hiyo aliyepigwa dakika ya 2 na aliyepigwa dakika ya 12 hawalinganishiki.

#2 Mdadisi77

Shukrani mkuu. Swali kuhusu vidonda vyenye ukingo unaong'aa kama duara baada ya kontrasti. Wengi tunafundishwa kwamba katikati ya duara pakiwa peupe kwenye DWI, ni usaha, basi. Je, hilo linatosha kumweka mshiriki kwenye kundi la jipu?

#3 DktRadiolojia

Halitoshi, Mdadisi. Weupe wa DWI unaweza kuwa kivuli cha T2 tu, kwa kuwa kitu chochote chenye T2 ndefu, kama majimaji, kinaweza kung'aa pale. Kinachotakiwa ni weupe kwenye DWI pamoja na weusi kwenye ramani ya ADC, kisha namba.

Usaha ni mzito, umejaa seli na protini, maji ndani yake hayatembei kwa uhuru. ADC yake kwa kawaida inaangukia kati ya 0.4 na 0.8 × 10⁻³ mm² kwa sekunde. Ubongo wa kawaida uko karibu na 0.7 hadi 0.9. Maji ya ubongo yako karibu na 3.0. Katikati ya saratani iliyooza mara nyingi hupita 1.5, kwa sababu pale ni majimaji mepesi. Hapo ndipo DWI inapotenganisha jipu na uvimbe wa saratani.

Jinsi ya kupima. Fungua ramani ya ADC sambamba na T1 ya baada ya kontrasti. Chora eneo la kupimia katikati ya shimo, lisiguse ukingo. Chukua vipande viwili au vitatu vya katikati, acha cha juu na cha chini kabisa, kwa sababu kwenye kipande cha mm 5 vokseli ya mwisho imechanganya usaha na ubongo uliovimba. Kidonda chenye kipenyo chini ya mm 10, binafsi siamini namba yake. Andika kwamba kipo, usiingize ADC yake kwenye wastani.

Angalia pia kizio. Mashine nyingine huhifadhi ramani kwa namba nzima kama 650, nyingine kwa 0.65, nyingine huweka kizidishio ndani ya faili. Njia rahisi ya kukagua ni kupima maji ya ndani ya ventrikali kwa kila mshiriki. Yasipokuwa karibu na 3.0, kuna tatizo la kizio au la sikwensi (mpangilio wa kupiga picha), na uligundue kabla ya kuchambua.

Sasa yanayovunja kanuni. Jipu la kifua kikuu linaweza kuwa na ADC ya chini sawa na la bakteria wengine. Majipu ya fangasi huwa na mchanganyiko, kuta zina ADC ya chini na katikati si lazima. Toksoplasma haitabiriki. Limfoma (saratani ya seli za kinga) ina ADC ya chini kwa sababu seli zake zimebanana, lakini weusi uko kwenye nyama inayong'aa yenyewe, si ndani ya shimo. Damu inavuruga kila kitu, ndiyo maana SWI iko kwenye orodha ya Mzingo. Na jipu lililotibiwa vizuri ADC yake hupanda. Ikishuka tena wakati wa ufuatiliaji, fikiria kwamba usaha umerudi.

#4 FundiSikwensi

Naongezea upande wa mashine, maana DWI ina ugonjwa wake yenyewe. DWI ya kawaida hutumia EPI (njia ya haraka ya kupiga picha), na EPI hupindisha picha mahali hewa inapokutana na mfupa: juu ya matundu ya pua na karibu na mfupa wa nyuma ya sikio. Majipu yanayotokana na sinasi (mashimo ya hewa ya uso) hukaa sehemu ya mbele ya ubongo, yanayotokana na sikio hukaa sehemu ya pembeni au kwenye ubongo mdogo. Yaani ugonjwa unapenda kukaa palepale picha inapoharibika zaidi.

Dawa yake: tumia upigaji sambamba (koili nyingi zikipokea pamoja) wa kiwango cha 2, na piga picha za b 0 mara mbili, ya pili ikiwa na mwelekeo wa fezi (upande ambao EPI hupindia picha) uliogeuzwa. Inaongeza chini ya dakika moja. Programu kama topup ya FSL hutumia jozi hiyo kukadiria upindaji na kuurekebisha. Bila jozi hiyo, ukilaza ADC juu ya T1, eneo lako la kupimia linaweza kuhama milimita kadhaa na kuangukia ukingoni. Mashine yenye DWI isiyo ya EPI, au ya EPI ya mikupuo mingi, ni bora zaidi kwa vidonda vya huko chini, ila inachukua muda mrefu.

#5 Mdadisi77

Nimekusoma, mkuu. Na tubakuloma (uvimbe wa kifua kikuu ubongoni) je? Spektroskopia inasaidia kweli au ni pambo la makala?

#6 DktRadiolojia

Inasaidia ikipigwa vizuri, na ni rahisi kuipiga vibaya.

Tubakuloma yenye kitovu kigumu kilichooza kama jibini huonekana nyeusi au ya kijivu cheusi katikati kwenye T2, tofauti na jipu lenye kitovu cheupe. Hiyo peke yake inakupa nusu ya jibu. Kwenye spektroskopia utaona kilele kikubwa cha mafuta kati ya ppm 0.9 na 1.3 (ppm ni mahali pa kilele kwenye grafu). Jipu la bakteria wengine hutoa amino asidi kwenye 0.9 na laktati kwenye 1.3; asetati kwenye 1.9 na suksinati kwenye 2.4 zikionekana, fikiria bakteria wasiotumia oksijeni.

Tatizo ni kwamba mafuta na amino asidi zinakaa jirani. Piga kwa TE (muda wa kusubiri kabla ya kusoma ishara) ya milisekunde 135 hadi 144: laktati na amino asidi zitapinduka chini ya mstari, mafuta yatabaki juu. Vokseli ya sm 2 kila upande inabeba mililita 8, kwa hiyo kidonda cha sm 1 kitakuletea ubongo wa jirani kuliko kidonda chenyewe. Na vokseli ikikaribia fuvu, mafuta ya kichwani yanaingia na utasoma tubakuloma isiyokuwepo. Weka mikanda ya kuzima ishara kuzunguka vokseli, na hifadhi picha ya mahali ulipoiweka. Bila picha hiyo msomaji wa pili hawezi kukagua chochote.

Kwa toksoplasma dhidi ya limfoma kwa mwenye VVU, PET ya FDG (picha ya sukari yenye mnururisho) inasaidia: limfoma hunyonya sana sukari, toksoplasma kidogo. Pasipo na PET, kinachotumika ni kuanza tiba ya toksoplasma na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14. Ila mgonjwa akiwa amepewa steroidi (dawa za kupunguza uvimbe), kupungua kwa kidonda hakuthibitishi kitu, kwa sababu limfoma nayo husinyaa kwa steroidi na ukingo wa kidonda chochote hufifia. Steroidi zina safu yake kwenye jedwali: jina, dozi, siku ya kuanza.

#7 FundiSikwensi

Niwape FLAIR, kwa sababu kwenye tafiti za homa ya uti wa mgongo ndiyo inayodanganya kuliko zote.

FLAIR imeundwa kuzima maji ya ubongo. Kwa Tesla 1.5, TR (muda kati ya mpigo na mpigo) ya milisekunde 9,000 huendana na TI (muda wa kusubiri maji yazimike) ya karibu milisekunde 2,200 hadi 2,500. Maji yakiwa na protini nyingi, usaha au damu, hayazimiki, yanabaki meupe juu ya mikunjo ya ubongo. Ndiyo dalili tunayoitafuta.

Sasa chukua mtoto aliyelazwa kwa dawa ya usingizi, anapumua oksijeni ya asilimia 100. Oksijeni inayeyuka kwenye maji ya ubongo na kufupisha T1 yake. TI ileile haizimi tena vizuri, na mikunjo yote inang'aa. Msomaji anaandika homa ya uti wa mgongo. Ukiwa na kundi la wagonjwa waliolazwa kwa dawa ya usingizi na kundi linganishi la watu walio macho wanaopumua hewa ya kawaida, utapata tofauti kubwa ya kitakwimu, na yote ni oksijeni.

Sababu nyingine za weupe wa uongo: maji yanayodunda kwa mapigo, hasa mbele ya shina la ubongo na kwenye ventrikali ya nne, metali ya meno au shanti (mrija wa kutoa maji ya ubongo), mtikisiko wa kichwa, na gadoliniamu iliyopigwa siku moja au mbili kabla, hasa figo zikiwa dhaifu. Kwa hiyo kila fomu ya upigaji iwe na asilimia ya oksijeni, jina la dawa ya usingizi, na tarehe ya kontrasti ya mwisho. Linganisha FLAIR na SWI kuondoa damu, na T1 ya baada ya kontrasti kuona kama utando wenyewe unang'aa.

Kutoboa uti wa mgongo kabla ya MRI nako kunaweza kuufanya utando mgumu wa nje ung'ae kwa sababu shinikizo la maji limeshuka. Andikeni saa ya kutoboa.

#8 Mzingo

Hapo fundi umegusa penyewe. Niseme kwa msisitizo jambo la maadili: hakuna kuchelewesha antibiotiki wala asaiklovia (dawa ya virusi vya hepesi) kwa kusubiri picha ya utafiti. Picha ifuate tiba, na protokoli iandikwe kwa kukubali hilo tangu mwanzo.

#9 Kifafa_na_Ubongo

Kwa upande wa tegu wa nguruwe, CT (picha ya eksirei ya vipande) na MRI hazishindani. Mabuu yaliyokufa na kugeuka chokaa huonekana vizuri sana kwenye CT, hata yenye mm 2 au 3. MRI huonyesha vizuri zaidi hatua za kabla ya chokaa: kwanza kifuko chenye maji kama ya ubongo na nukta ya kichwa cha buu ndani, bila uvimbe wa jirani, kisha buu linapoanza kufa, maji yanakuwa mazito, ukingo unang'aa na ubongo wa jirani unavimba, kisha kinundu kidogo, mwisho chokaa. Mshiriki mmoja anaweza kuwa na hatua zote nne kwa pamoja, kwa hiyo hesabu vidonda kwa hatua, usimpe mtu hatua moja.

Vifuko vilivyomo ndani ya ventrikali hupotea kwenye T1 na T2 za kawaida kwa kuwa maji yake yanafanana na ya jirani. Ongeza sikwensi ya 3D ya aina ya CISS au FIESTA yenye unene usiozidi mm 1, utaona ukuta wa kifuko na nukta ya kichwa.

Ukitumia SWI badala ya CT kutafuta chokaa, tumia picha ya fezi (ya mwelekeo wa wimbi la ishara), kwani chokaa na damu kuukuu huenda pande tofauti. Lakini watengenezaji wa mashine hawakubaliani upande upi ni mweusi. Tafuta mshipa wa vena kwenye picha ileile: kinachofanana na vena kwenye fezi ni cha upande wa damu, kilicho kinyume ni cha upande wa chokaa. Fanya hivyo kwa kila mashine na kila toleo jipya la programu.

La mwisho ni degedege zenyewe. Baada ya degedege ndefu, hipokampasi, gamba la ubongo au thalamasi vinaweza kung'aa kwenye DWI na FLAIR kisha vikarudi kawaida. Chokaa ya zamani nayo inaweza kuzungukwa na uvimbe unaokuja na kuondoka. Ensefalitisi ya virusi vya hepesi simpleksi hupenda sehemu ya ndani ya tempro, insula na singuleti, mara nyingi upande mmoja zaidi ya mwingine. Mgonjwa aliyedegedeka saa sita zilizopita anaweza kufanana naye. Bila saa ya degedege ya mwisho kwenye fomu, hamwezi kuwatenganisha.

#10 Mdadisi77

Swali la wenye vifaa vidogo: mashine ya sumaku ndogo inafaa utafiti wa maana, au tusijisumbue?

#11 Mzingo

Inafaa, ukichagua swali linalolingana nayo. Mfano bora ni utafiti wa malaria ya ubongo kwa watoto uliofanyika Blantyre, Malawi, ukachapishwa mwaka 2015. Mashine ilikuwa ya Tesla 0.35. Watoto 168, waliofariki 25. Kati ya hao 25, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo kwenye picha ya kulazwa. Kati ya 143 waliopona, 39 walikuwa nao. Picha zilizorudiwa zilionyesha uvimbe ukipungua kwa waliopona.

Zisome namba hizo kwa pande zote mbili. Wenye uvimbe mkubwa jumla ni 60, na 39 kati yao waliishi, yaani asilimia 65. Wasio na uvimbe mkubwa ni 108, waliofariki 4. Kwa hiyo uvimbe ni alama ya hatari inayotuelekeza pa kutafuta tiba, haumtangulizi mtoto kaburini. Na swali lenyewe, kama mikunjo na nafasi za maji zimebanwa, halihitaji Tesla 3. Lingekuwa swali la unene wa gamba la ubongo kwa sehemu ya kumi ya milimita, mashine ile isingelijibu.

#12 Chambua_Data

Nimesoma kimya, sasa niingie upande wa uchambuzi.

Geuzeni DICOM (faili za mashine) kuwa NIfTI (faili za uchambuzi) kwa programu ya dcm2niix na mpange kwa BIDS, mfumo wa kupanga faili za picha za ubongo. Faili ya JSON (ya maelezo ya upigaji) itabeba TE, TR, TI na mara nyingi toleo la programu ya mashine. Haitabeba oksijeni, steroidi, saa ya degedege wala dakika za kusubiri kontrasti kwa namna ya kutegemeka. Hayo yaingie kwenye jedwali la vipindi, mstari mmoja kwa kila upigaji.

Kulaza ubongo wenye kidonda kikubwa kwenye templeti (ubongo wa mfano) ni hatari: programu inaona shimo, inalazimisha ubongo mzima ujinyooshe kulijaza. Chora barakoa (eneo la kufunika) ya kidonda na uitoe kwenye hesabu ya ulinganishaji, au jaza kidonda kwa tishu ya upande wa pili wa ubongo kabla ya kulaza. Kisha tazama kila mmoja kwa macho.

Mtikisiko wa kichwa hufanya gamba la ubongo lionekane jembamba kuliko lilivyo. Wagonjwa hutikisika kuliko wazima. Ukilinganisha makundi bila kudhibiti mtikisiko, utapata "mnyauko" uliotengenezwa na shingo.

Na kama inawezekana, mpate picha ya kabla. Utafiti wa UK Biobank (hifadhi kubwa ya data za afya ya Uingereza) kuhusu UVIKO-19 uliochapishwa 2022 ulikuwa na nguvu kwa sababu hiyo: watu 785 waliopigwa picha mara mbili, 401 wakiwa wameambukizwa katikati na 384 hawakuambukizwa. Waliona upungufu zaidi wa sehemu ya kijivu kwenye gamba la juu ya macho na jirani ya hipokampasi, kwa wastani mdogo. Kwa picha ya baada pekee, usingejua kama tofauti ilikuwepo tangu zamani.

#13 Mdadisi77

Mkuu Chambua_Data, kuhusu kushirikisha data: tukifuta majina kwenye DICOM inatosha?

#14 Chambua_Data

Haitoshi. Mwaka 2019 ilichapishwa kazi ambapo programu ya kutambua nyuso iliwalinganisha watu 84 na MRI zao, ikawapata 70 kwa usahihi. T1 ya 3D ina uso mzima.

Tumia programu ya kuondoa uso kwenye T1, kisha barakoa hiyohiyo ilazwe kwenye FLAIR ya 3D na T1 ya baada ya kontrasti. Programu hizi nyingi zimetengenezwa kwa ubongo mzima wa kawaida. Penye jipu la mbele lililotokana na sinasi, au fuvu lililofunguliwa kwa upasuaji, zinaweza kukata ubongo pamoja na paji la uso, au kuacha pua. Kwa hiyo tengeneza picha ya kila mshiriki kutoka mbele na pembeni, mtu aikague, na hesabu za ujazo zifanyike kwenye nakala isiyokatwa inayobaki kituoni. Toa pia picha za skrini zilizohifadhiwa kwenye mfululizo, kwani jina limechapwa ndani ya pikseli zenyewe na kufuta vichwa vya faili hakuligusi.

Tarehe msizifute. Zisogezeni zote za mshiriki mmoja kwa idadi ileile ya siku, iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na saa ziacheni kama zilivyo. Hivyo siku ya dawa, saa ya kutoboa uti wa mgongo na saa ya degedege ya mwisho zitabaki na umbali uleule hadi kwenye picha.